Kivuli cha Winga wa Kulia

Aroni alikuwa amefika kipande cha saba cha mpira, uzi uliopakwa nta ameubana kwa meno, Byarugaba aliposema kwamba Mutalemwa hana moyo wa mechi kubwa.

Aroni aliendelea na mshono. Mtu akisema huku ameuma uzi, mshono hulegea, na mpira uliolegea mshono ukipigwa kulia huenda kushoto. Alivuta mpaka ngozi ikakutana na ngozi, akapiga fundo, ndipo akautoa uzi mdomoni.

"Huo moyo wa mechi kubwa mliupima wapi," aliuliza kwa sauti yake ya chini, "na hajachezeshwa hata mechi ndogo?"

"Ndiyo hapo sasa," alisema Byarugaba, kana kwamba amesaidiwa.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Julai, mwaka 1953, kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko la Bukoba. Hapo Aroni alikuwa na kigoda, sanduku la misumari na viatu vya nusu ya mji. Mpira wa timu ya wilaya aliushona bure, na kwa hiyo mabishano yote ya mpira yaliletwa mbele yake, kama hakimu anavyopelekewa mashitaka. Byarugaba mchana alipima kahawa ghalani na jioni alikuwa katibu wa kamati ya mpira. Pembeni yao Kokuhirwa alikuwa ametandika majani ya mgomba na kupanga mafungu ya karanga na kahawa za kutafuna. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kukosa mechi, na alisema timu ya wilaya humkera kuliko marehemu alivyowahi kumkera.

"Mbio anazo," aliendelea Byarugaba. "Sikatai. Hata swala ana mbio. Mmeshaona swala amepangwa timu ya wilaya?"

"Afadhali swala," alisema Kokuhirwa bila kuinua kichwa. "Huyo Nathanael wenu akipewa mpira huuliza kwanza goli liko wapi, halafu anasubiri aletewe farasi."

"Nathanael amesoma. Ana nidhamu. Anajua kukaa mahali pake."

"Anakaa, bojo, ndugu yangu. Kukaa anajua sana."

Nathanael alikuwa mtoto wa Mwami Mutembei, wa upande wa Muleba, mwenyekiti wa kamati ya mpira na mtoaji wa jezi. Mutalemwa alikuwa mtoto wa Ishengoma, mkulima wa huko huko. Wote wawili walikuwa mawinga wa kulia, na mechi ya Mwanza ilikuwa imebakiza siku sita. Timu ingeondoka kwa meli siku ya Ijumaa. Nafasi ya winga wa kulia ni moja, na kwa karibu miezi miwili mji ulikuwa umegawanyika juu ya nafasi hiyo, ingawa ukiwauliza watu mmoja mmoja, wote walisema jina lile lile.

Jambo lenyewe lilianza katikati ya Mei, siku ya majaribio. Aroni alipenda kulikumbuka polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuliongezea chumvi na halikuhitaji.

Ishengoma alikaa kwenye nyarubanja ya Mutembei. Migomba ilipandwa na babu yake, kahawa aliipanda mwenyewe, lakini ardhi iliandikwa kwa Mutembei, na kila mwaka Ishengoma alimpelekea lubisi, pombe ya ndizi, na siku za kazi ili aendelee kukaa. Mtu wa namna hiyo huitwa mtwarwa. Mtwarwa akimkuta njiani mwenye ardhi, au mrithi wake, hampiti. Hutoka njiani, huchuchumaa majanini, hupiga makofi mawili ya polepole na kusubiri. Hakuna mzazi anayekaa kumfundisha mtoto jambo hilo. Mtoto hulijua kama anavyojua kufumba macho upepo ukivuma.

Siku ya majaribio Nathanael alichezea upande wa wekundu na Mutalemwa upande wa weupe. Dakika ya ishirini hivi Mutalemwa aliupata mpira katikati ya uwanja, akawaacha mabeki wawili wamegongana, akashika njia ya kulia. Mbele yake alibaki Nathanael, aliyekuwa anarudi nyuma kusaidia, mgongo umemwelekea yeye. Hatua mbili zaidi na Mutalemwa angekuwa amempita. Watu walikuwa wamesimama tayari. Mutalemwa akausimamisha mpira, akatoka nje ya mstari, akachuchumaa, akapiga makofi mawili, akasubiri.

Kivuli chake hakikuchuchumaa. Kiliendelea na safari. Kilimpita Nathanael kwa upande wa kulia, kikaingia kwenye eneo la hatari, kikayumba kidogo kushoto ili kumhadaa kipa, na kipa akahadaika, akaruka upande usio na kitu. Kivuli kikaingia golini.

Refa alikuwa karani mmoja Mgoa, mtu mwangalifu. Alisimamisha mchezo, akatoa kitabu cha sheria mfukoni, akasoma kurasa mbili, akalikataa goli kwa sababu mpira ulikuwa bado umetulia karibu na mstari wa pembeni, pale ulipoachwa. Wengine walimpigia makofi refa, wengine walikipigia kivuli. Filimbi ya mwisho ilipolia kivuli kilirudi, kikajiunga na nyayo za mwenyewe kama mbwa arudivyo nyumbani baada ya matembezi.

Jioni hiyo Mutalemwa alilala nyumbani kwa Aroni, kama alivyofanya kila alipokuja mjini kwa lori la kahawa. Aroni alimwekea ndizi na maharage, akangoja mpaka amalize.

"Kwa nini ulichuchumaa, mwanangu?"

Kijana, aliyezoea kumwita tata, yaani baba, alifikiri. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakupenda kusema jambo asilolijua. "Sikuchuchumaa mimi, tata. Magoti ndiyo yalichuchumaa."

Ripoti ya kamati iliyoandikwa na Byarugaba ilisema kwamba Mutalemwa ana kasi, ana miguu yote miwili, ila hana uamuzi mbele ya goli. Akawekwa akiba.

Tangu hapo, kila mechi ilipoanza Mutalemwa aliketi nje ya mstari na njumu alizoshonewa na Aroni zimefungwa kamba barabara, na kivuli chake kikainuka na kwenda kucheza winga ya kulia. Siku za mawingu hakikwenda, na hizo ndizo mechi watu walizopumua kidogo. Lakini kiangazi kilikuwa kimeingia na jua halikukosa. Kivuli kilikimbia bila mwili, kirefu, kimelala juu ya nyasi, na daima kilikuwa mahali ambapo pasi ilipaswa kwenda. Beki akisogea, chenyewe kilikuwa kimekwisha kuhama. Wachezaji wa pande zote mbili walikizoea. Wengine walikiruka kwa adabu.

Aroni hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alijiambia kwamba huenda jicho lake linapendelea, kwa kuwa kijana amekula nyumbani kwake. Kwa hiyo alianza kwenda uwanjani na kamba ya mgomba mfukoni, na kila mara kivuli kilipokuwa wazi, peke yake, mbele ya goli, alipiga fundo moja. Pale alipokuwa na shaka hakupiga.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ile walicheza na wavuvi wa Goziba. Walikuja kwa mitumbwi, kumi na wanne, miguu peku, wakinuka dagaa na kucheka sana. Uwanja ulijaa. Nathanael alisimama winga ya kulia akiwa amechomekea jezi vizuri, na hatua ishirini mbele yake kivuli kilikuwa kinakata kona kuelekea golini.

"Mpe!" walipiga kelele watu. "Mpe, yuko wazi!"

"Nani?" aliuliza nahodha.

"Si huyo! Kivuli!"

Nahodha alikuwa ametazama jambo hilo karibu miezi miwili na uvumilivu ulimwishia. Alimruka mtu, akainua kichwa, akapiga pasi moja nzuri ya chini kwa chini, ya kipimo, ambayo isingehitaji kuguswa zaidi ya mara moja. Ilifika kwenye mguu wa kivuli. Ikapita. Ikaendelea mpaka kwenye matete ya ziwa, na wavuvi wakaurusha mpira ndani. Nahodha alipiga nyingine, nayo ikaenda kwenye matete. Mara kumi na nne mpira ulifika pale ulipopaswa kufika na mara kumi na nne haukukuta mtu. Wavuvi walifunga goli moja kwa goti na mechi ikaisha hivyo.

Kipa wa Goziba, alipokuwa anafuta matope, alimwambia Byarugaba, "Mna winga hatari sana ninyi watu wa Bukoba. Kwa nini hamkumtia mwili?"

Byarugaba alicheka kwa adabu. Kokuhirwa hakucheka. Alimwaga karanga zake zote zilizobaki mchangani, akasema hajisikii kumwuzia mtu yeyote kitu.

Kwa hiyo Jumatatu ile barazani, mabishano hayakuwa mapya, ila yalikuwa na makali.

"Kivuli si mtu," alisema Byarugaba. "Kivuli hakina woga kwa sababu hakikanyagwi."

"Kinakanyagwa kila siku," alisema Kokuhirwa. "Hakilalamiki tu."

"Na mwenyewe je? Akifika Mwanza, mbele ya watu elfu tatu, akapiga magoti?"

"Kule Mwanza atampigia nani magoti? Nathanael akibaki huku, magoti yatamwona nani?"

Byarugaba alichukua punje mbili za kahawa kutoka kwenye fungu, akazitia mdomoni, akatafuna muda mrefu. "Mambo ya kamati yanasemwa kwenye kamati," alisema mwishowe. "Tunakaa Jumatano."

Aroni aliingiza sindano katika kipande cha nane. "Nitakuja," alisema.

Kamati ilikutana katika chumba kilichokuwa nyuma ya ghala, penye harufu ya magunia. Walikuwa watano pamoja na Mwami Mutembei, mzee mwembamba mwenye kanzu safi na koti la kijivu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alimkaribisha Aroni mwenyewe, akamvutia kiti, akampa kahawa za kutafuna kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni.

Aroni aliweka kamba mezani. Alieleza fundo ni nini, na lini hakupiga fundo, na kwa nini. Alieleza taratibu, bila kumsema mtu. Alipomaliza, Mutembei aliivuta kamba, akahesabu mafundo yote kwa kidole kimoja.

"Hamsini na moja," alisema. "Mimi nilihesabu hamsini na mbili. Ile mechi na walimu, kipindi cha pili, uliinama kufunga kiatu."

"Ni kweli, waitu," alisema Aroni, kama aitwavyo bwana mkubwa. "Niliinama."

"Kazi yako ni safi, Aroni. Hapa hakuna anayebisha. Yule kijana ndiye winga."

Aroni alinyosha mkono, akaichukua kamba yake. "Basi apangwe, waitu."

"Mimi simkatazi. Sijawahi kumkataza. Ila ana baba, na baba yake amekaa hapo nje tangu asubuhi. Mwiteni."

Ishengoma aliingia akiwa ameinama. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Muleba na kibuyu cha lubisi kichwani, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Akachuchumaa karibu na mlango, akapiga makofi mawili. "Kaboneka, waitu," alisalimia, akasukuma kibuyu mbele. "Nimekuja kuomba mwanangu asipangwe."

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Aroni, naye si sana.

"Sema sababu," alisema Byarugaba, kalamu mkononi.

"Kumpita mtu njiani ni jambo moja. Kukaa mahali pake ni zaidi ya kumpita. Nina migomba mia tatu na makaburi manne. Sina pengine pa kuyapeleka."

Mutembei aliuliza kwa upole, "Ishengoma, mimi nimesema kitu?"

"Hujasema, waitu."

"Nimetuma mtu aje kukutisha?"

"Hukutuma, waitu."

"Umesikia, Aroni."

Aroni alishika ukingo wa meza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo aliyapanga kwanza. "Waitu, lipo neno moja tu linalohitajika. Mwambie hapa, mbele yetu, kwamba kijana akicheza, kibanja cha baba yake hakitaguswa. Byarugaba aandike. Basi."

Mutembei alilitazama jambo hilo kwa muda wa kutosha, kama mtu aliyepewa kitambaa apime ubora wake. "Siwezi kuahidi kwamba sitafanya kitu ambacho sijasema nitakifanya," alisema. "Nikiahidi leo, watu watauliza jana nilikuwa nataka nini."

Wajumbe wawili waliitikia kwa kichwa. Lilisikika kama jambo lenye akili. Aroni alilitafuta kosa lake, alijua lipo, lakini lilikuwa kama mchanga ndani ya kiatu cha mtu mwingine.

Byarugaba ndiye aliyepata njia. Alisema kwamba kwa kadiri anavyoona, hoja ni mbili na hazigombani. Nathanael ni winga, hilo limeandikwa. Kivuli nacho kinacheza vizuri, hilo limehesabiwa. Basi Nathanael aende, na kivuli kiende naye. Kivuli hakili, hakihitaji tiketi wala mahali pa kulala, na Mwanza jua ni kali. Kijana atabaki nyumbani, hatakuwa amekaa mahali pa mtu.

Mutembei alimgeukia Ishengoma. "Wewe unaonaje?"

Ishengoma alifikiri, macho chini. "Kivuli hakikuandikwa kwenye nyarubanja," alisema polepole. "Sioni neno."

Mikono mitano iliinuka. Aroni hakuwa mjumbe, kwa hiyo mkono wake haukuulizwa. Lubisi ikagawanywa, na Ishengoma akapewa ya kwanza kuonja, kwa heshima.

Ijumaa alasiri watu walijaa bandarini. Mutalemwa alikuwa amekuja kwa lori, amevaa shati la kanisani. Kamati ilimwomba asimame mahali peupe karibu na ngazi ya meli ili shughuli isichelewe. Wachezaji walipanda mmoja mmoja. Nathanael alipopanda, kivuli cha Mutalemwa kilijitoa kwenye nyayo zake, kikapanda nyuma yake, kikijikunja kwenye kila kipandio. Karani wa meli alihesabu vichwa, akakitazama, akageuza ukurasa.

Nathanael aliinama kwenye ukingo wa meli. Hakuwa kijana mbaya. "Mutalemwa," aliita, "nitakiangalia."

"Asante, waitu," alisema Mutalemwa.

Magoti yake yalianza kukunjika. Aroni alimshika mkono, akamweka wima, na kijana akashukuru kwa hilo pia.

"Inauma?" aliuliza Aroni.

"Hapana, tata. Ni kama kuvua koti." Alijitazama chini. Jua lilikuwa linachoma, kila mtu pale bandarini alikuwa na chake, hata mbuzi, hata mapipa. "Baridi kidogo tu."

Simu ya maandishi ilifika Jumatatu: Mwanza tatu, Bukoba sifuri. Timu yenyewe ilirudi Jumatano, na Byarugaba alikuja barazani kabla hajaenda kwake, vumbi la safari likiwa bado kwenye kola. Watu walimzunguka. Aliwaeleza kwamba kivuli kilikuwa wazi mara kumi na tisa. Kulikuwa na jua kali, zuri, na nahodha alipiga pasi ambazo watu wa Mwanza wenyewe walizishangilia. Zote zilitoka nje. Mara mbili Nathanael alikuwa karibu na mpira, lakini alikuwa akikiangalia kivuli, kama alivyoahidi.

Halafu mzee mmoja wa sokoni akasema, "Mimi nilisema zamani, kivuli kile kinakimbilia mbali mno na wenzake."

"Kinacheza kibinafsi," alisema mwingine.

"Hakirudi nyuma kukaba."

"Ni kichanga bado. Mkikipa misimu miwili kitakomaa."

"Misimu miwili! Kimepata nafasi ya kwenda Mwanza kikashindwa kufunga hata goli moja, na wewe unataka misimu miwili?"

Mabishano yakashika moto. Watu waliokuwa wamenyamaza tangu Jumatatu walipata sauti zao. Kokuhirwa alisimama katikati yao, mikono kiunoni. "Hakina mguu!" alisema. "Ninyi wanaume, hakina mguu! Mwenye mguu yuko Muleba anachuma kahawa!"

"Hayo yalishaamuliwa, mama," alisema yule mzee, bila ubaya. "Sasa tunazungumza kiwango."

Kokuhirwa alimtazama Aroni. Aroni alikuwa ameshika kiatu cha mtu na hakujua tena alikuwa anakifanyia nini.

Byarugaba aliinama karibu na sikio lake. Alisema iko barua ya kamati, na kwa kuwa kijana anamheshimu Aroni, ingefaa aipeleke yeye. Mwezi ujao timu inakwenda Masaka. Kivuli kimerudi salama, kipo ghalani pamoja na jezi, kimekunjwa vizuri. Kamati imeona kikae huko mpaka safari, kwa sababu kikiwa kwa mwenyewe kinachoshwa na kazi za shamba na kinafika uwanjani kimelegea.

"Kimekunjwa," alisema Aroni.

"Mara nne. Si kizito."

Ijumaa Aroni alifunga sanduku lake mapema, akapanda lori tupu la kahawa, akashuka njia panda ya Muleba na kutembea saa nzima na nusu. Nyumbani kwa Ishengoma alimkuta baba mtu ameketi mlangoni anatengeneza kikapu. Ishengoma alimkaribisha kwa furaha ya kweli. Alimwonyesha migomba. Alimwonyesha, kwa kidole, makaburi manne yaliyofagiliwa. "Hakuna kilichoguswa," alisema. "Hata mgomba mmoja." Barua alikuwa ameshaisikia, mjumbe wa Mutembei alipita asubuhi na nakala yake, na Ishengoma alikuwa ameshaweka dole gumba.

Mutalemwa alikuwa kwenye shamba la Mutembei upande wa pili wa bonde, anamalizia siku za kazi za baba yake. Ilikuwa yapata saa kumi. Jua lilikuwa limeinamia magharibi na kila mbuni ulikuwa umelaza kivuli chake juu ya mbuni wa jirani. Kikapu kilikuwa na chake. Ngazi ilikuwa na chake. Mutalemwa alisimama juu ya ngazi, mikono inakwenda haraka kati ya matawi, kulia na kushoto, na chini yake nyasi zilikuwa na mwanga mtupu.

Alishuka, akasalimia, akafuta mikono, akaipokea barua. Aliisoma yote, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Wameandika jina langu," alisema. "Namba saba. Winga wa kulia. Mutalemwa Ishengoma, halafu kwenye mabano, kivuli."

"Ndiyo."

"Wameliandika vizuri. Watu wengi hukosea."

Aroni alitafuta jambo la kusema, akaona lote lilikwisha kusemwa kwenye kamati, tena kwa utaratibu. Aliuliza, "Jumapili ile ya Mwanza ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, baada ya ibada. Nililala." Kijana aliinama, akajiminya shavu la mguu wa kulia. "Lakini miguu ilikuwa inanishika. Inabana, inaachia. Mama alinikanda kwa samli. Mara kumi na tisa, yeye alihesabu." Akajinyoosha. "Tata, ile ya mwisho. Niliona kama mpira ulitoka kushoto, juu kidogo, kipa yuko nje."

"Byarugaba alisema hivyo hivyo."

"Ile ningeifunga."

"Najua."

Mutalemwa aliikunja barua, akaitia katika mfuko wa shati, akarudi ngazini. Aroni alivua koti, akalitundika kwenye tawi, akachukua kikapu kilichokuwa kimelala tupu na kuanza mbuni uliofuata. Hakuwa amechuma kahawa miaka mingi na vidole vyake, vilivyozoea ngozi, vilivunja vijiti pamoja na punje. Kijana alimwonyesha mara moja jinsi ya kuzungusha kifundo cha mkono, na hakumwonyesha tena. Walichuma mpaka punje nyekundu na za kijani zikaanza kufanana kwa giza. Safu walizomaliza zilikuwa sita. Zilizobaki mpaka kwenye ua wa Mutembei zilikuwa tisa, na punje zake zilikuwa zimeiva sana, nyingine zimeanza kuanguka.

"Tuache," alisema Mutalemwa. Alivifunika vikapu kwa majani ya mgomba, akaegemeza ngazi kwenye mbuni wa safu ya saba. "Hizi ni za kesho."